Si Kila Mbawakawa Mwenye Madoa Aliiokoa Michungwa

Kisa cha mbawakawa wekundu wenye madoa walioiokoa michungwa ya California husimuliwa kana kwamba sifa ni ya ukoo wao mzima. Si kweli. Aliyeshinda ni mmoja, Rodolia cardinalis wa Australia, na kilichomshindisha ni uchaguzi wake wa chakula. Adui alikuwa Icerya purchasi, mdudu gamba mwenye mfuko mweupe wa mayai kama pamba, aliyeingia California mwishoni mwa miaka ya 1860. Miaka ishirini baadaye wakulima wa Los Angeles walikuwa wameanza kung'oa miti yao. Mwaka 1888 Charles Riley wa Wizara ya Kilimo ya Marekani alimtuma Albert Koebele Australia. Na kwa kuwa Bunge halikuruhusu wataalamu wa wadudu kusafiri ng'ambo kwa fedha za wizara, nauli ilichotwa kwenye fungu la maonyesho ya Melbourne. (Urasimu nao una njia zake za panya.) Mbawakawa 28 wa kwanza aliowatuma walifunguliwa kwenye mchungwa uliofunikwa hema, wakafuatwa na wengine hadi wakatimia 129. Kufikia Juni 1889 wazao zaidi ya 10,000 walikuwa wamegawiwa wakulima.

Atakayesema ilikuwa bahati ana hoja, maana Koebele alitumwa hasa kumtafuta nzi anayemshambulia mdudu huyohuyo. Lakini bahati inaeleza jinsi mbawakawa alivyopatikana tu. Haielezi alivyofanya kazi. Jike hutaga palepale alipo mdudu gamba, na lava wakianguliwa huanza na mayai yaliyo mfukoni, kisha huwala wadudu wenyewe. Kwa kuwa hana chakula kingine cha maana, mawindo yakiadimika huyafuata mti kwa mti.

Wengine huona mla vingi angefaa zaidi, kwa vile hafi njaa. California ililijaribu hilo pia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Hippodamia convergens, anayetambulika kwa mistari miwili myeupe inayokaribiana nyuma ya kichwa, alizolewa kwa wingi milimani Sierra Nevada alikojificha na baridi, akamwagwa kwenye mashamba yenye vidukari. Wengi waliruka wakaenda zao, kwani mdudu aliyetoka kwenye usingizi wa majira ya baridi akiwa na mafuta mwilini huhama kwanza, kula baadaye. Ukoo huohuo una Epilachna, ambaye katika Afrika Mashariki hutafuna majani ya maboga na mahindi. Huyu mgongo wake una vinyweleo vifupi vinavyoufifiza mng'ao, na lava wake ana miiba yenye matawi. Vinyweleo pekee si ushahidi, kwa sababu hata Rodolia anavyo. Basi mkulima akikuta mbawakawa wenye madoa shambani, atazame kwanza kinacholiwa: vidukari au jani.