Biti 14, Biti 16 na Sikio la Nyumbani

Tarehe 1 Oktoba 1982 Sony ilianza kuuza Japani mashine ya kwanza ya kuchezea CD, CDP-101, kwa yeni 168,000. Philips ilifuata na CD100. Kampuni hizi zilikwisha kuafikiana kanuni moja mwaka 1980: sauti ipimwe mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo kiandikwe kwa biti 16. Philips ilikuwa imependelea 14, na chombo chake cha kugeuza tarakimu kuwa sauti kilikuwa cha biti hizo. Ilikitumia vivyo hivyo, lakini kwanza ikazidisha vipimo mara nne. Kelele itokanayo na upungufu wa biti, sehemu kubwa ikahamia juu ya upeo wa sikio. Ahesabuye biti peke yake angeliipa Sony ushindi upesi, asijue kwamba ndani yake chombo kimoja tu kilihudumia upande wa kulia na wa kushoto kwa zamu.

Basi, sikio liamue? Hapo ndipo pagumu. Katika mashine mbili zilizo sebuleni, ile ipazayo sauti zaidi, hata kidogo, hudhaniwa bora, wala msikilizaji hatambui kuwa alichopenda ni ukubwa, si uzuri. Nilipolinganisha mbili za kwangu, ile ya ghali, ambayo bei yake nilikwisha kuilipa, ilinivutia jioni nzima. Kesho yake nilisawazisha voltiji zake, nikamwomba binti yangu azibadilishe nyuma ya pazia pasipo kunijulisha. Nilikisia mara 20. Nilipatia 11.