BBN na Kelele za Ndege: Wahandisi Waliosikiliza Wakazi

Wengi wanaoijua kampuni ya Bolt, Beranek na Newman, kwa kifupi BBN, wanaijua kwa habari za kompyuta. Ndiyo iliyounda mitambo ya kuunganisha mtandao wa ARPANET mwaka 1969, na mhandisi wake Ray Tomlinson ndiye aliyeweka alama ya @ katika anwani za barua pepe mwaka 1971. Hayo yalikuja baadaye. Miaka yake ya mwanzo kampuni hii iliishi kwa sauti na kelele.

Ilianzishwa mwaka 1948 huko Cambridge, Massachusetts, na walimu wawili wa chuo cha MIT, Richard Bolt na Leo Beranek. Kazi iliyowakutanisha ilikuwa kurekebisha usikivu katika kumbi za makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York. Muda si mrefu akaungana nao Robert Newman, mwanafunzi wa zamani wa Bolt. Beranek alikwishazoea ngurumo za ndege: wakati wa Vita Kuu ya Pili aliongoza maabara ya Harvard iliyotafuta jinsi marubani wa kivita watakavyosikilizana angani.

Mtihani mkubwa wa kwanza ulitoka Cleveland. Shirika la utafiti wa anga la NACA lilikuwa limejenga huko handaki la upepo wa kasi kuipita sauti, likiendeshwa na mota zenye nguvu za farasi 87,000. Mara injini ya ramjeti ilipowashwa ndani yake, mji ukatetemeka na wakazi wakaja juu. BBN ikaitwa, ikasanifu sailensa kubwa kama jengo, yenye vyumba vilivyopangwa kumeza mvumo mzito ambao kuta za kawaida haziuzuii.

Lakini kazi iliyobadilisha usafiri wa anga ni ile ya New York. Kati ya Desemba 1951 na Februari 1952, ndege tatu ziliangukia mji wa Elizabeth, jirani na uwanja wa Newark. Tangu hapo mamlaka ya viwanja vya New York, iliyousimamia pia uwanja huo, haikuthubutu kuwapuuza majirani zake. Ndege za abiria za jeti zilipokaribia, mamlaka ikawaajiri BBN waipatie jibu: je, jeti itavumilika?

Boeing ilishikilia kwamba 707 yake, ikifungwa vipunguza kelele, haizidi ndege kubwa za pangaboi. Kwa mita ya desibeli, hoja hiyo ilikuwa na mashiko. Hapo ndipo Karl Kryter, mwanasaikolojia wa BBN, alipofanya jambo ambalo wahandisi wengi wasingelifikiria: aliwaketisha watu wa kawaida, akawasikilizisha sauti za ndege, akawauliza ipi inakera zaidi. Ikaonekana kwamba mlio mkali wa jeti huudhi kuliko mvumo wa pangaboi hata mita inaposoma sawasawa. Kutokana na hukumu za wasikilizaji hao akaunda kipimo kipya, PNdB, kilichochapishwa mwaka 1959. Kwa maoni yangu, huu ndio mchango mkubwa wa BBN katika fani hii, kuliko sailensa yoyote. Malalamiko ya mkazi yaligeuka namba ambayo kiwanda kililazimika kuijibu.

Mamlaka ikaweka kikomo cha 112 PNdB. Watengenezaji walinung'unika, ila walitii. Nyuma ya kila injini ya 707 ulifungwa mdomo wa mabomba 21, ili hewa ya moto ichanganyike upesi na hewa baridi. Sababu alikwishaieleza Mwingereza James Lighthill mwaka 1952: nguvu ya kelele ya jeti hukua kwa kipeo cha nane cha kasi yake, hivyo punguzo dogo la kasi huleta nafuu kubwa. Marubani nao walifundishwa kupanda haraka, kisha kupunguza nguvu ya injini juu ya nyumba za watu. Tarehe 26 Oktoba 1958, 707 ya Pan Am iliondoka New York kwenda Paris.

Kipimo cha Kryter kiliongezewa hesabu ya muda ambao kelele inadumu, kikawa msingi wa sheria ya Marekani ya mwaka 1969, kisha wa kanuni za shirika la anga la kimataifa, ICAO. Kutoka kwenye jeti kikahamishiwa helikopta, na hapo kikakutana na kelele ya namna nyingine. Helikopta inaposhuka, panga zake hukata mizunguko ya hewa iliyoachwa na panga zilizotangulia, ukasikika ule mlio wa makofi. Pangaboi la mkiani nalo lina mlio wake mwembamba. Wasanifu wamejitahidi: Wafaransa walilificha pangaboi la mkia ndani ya tundu, na Wamarekani wakaliondoa kabisa katika MD 520N.

Makofi hayo ni mshtuko wa ghafla, na kipimo kilichozaliwa kwa ajili ya jeti hakikuundwa kuyahesabu hivyo. Wanaopanga njia za helikopta juu ya miji wafanye alichofanya Kryter: wawaulize wanaoishi chini yake.