NDOLA 1979: SARE ILIYOTUPELEKA LAGOS

Wadau, hapa Hamugembe mjadala wa mpira hauna saa ya kufungwa. Wiki hii uliangukia swali ambalo ukilisikia unaona ni la kitoto, mpaka ujaribu kulijibu: ni mechi gani kubwa kuliko zote ambazo Taifa Stars imewahi kucheza? Vijana wenzangu wakataja ile ya Machi 2019 tulipomchapa Mganda 3-0 pale Taifa. Mwingine akasema hapana, ni ile ya Januari 2026 kule Rabat, hatua ya 16 bora, Morocco wakiwa kwao na kila mtu duniani akisubiri tupigwe sita, tukatoka kwa kimoja tu. Wazee wakatuangalia kwa huruma. Jibu lao likawa neno moja: Ndola.

Mimi ni wa kizazi ambacho Ndola tumeisikia kama hadithi ya sungura na fisi. Peter Tino alifunga, tukaenda Lagos, basi. Hakuna anayekwambia zaidi. Nimejipa kazi ya kuiweka mechi ile kwenye kalenda yake, na kwa mtu wa Kagera kalenda hiyo haisomeki bila vita.

Tuanze na tarehe. Mchezo wa Ndola ulipigwa Jumapili, Agosti 26, 1979. Rudi nyuma miezi kumi tu. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilidondosha mabomu hapa Bukoba, na mwisho wa mwezi huo jeshi lake likavuka mpaka na kutwaa ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, yapata kilomita za mraba 1,800. Amin akatangaza kwamba mpaka mpya ni mto. Mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu wa mjini wakaanza kuhama. Wengi walitembea kwa miguu kuelekea Muleba na mbele zaidi, godoro kichwani na mtoto mgongoni, huku migomba ikibaki na mikungu yake. Ulikuwa mwezi wa senene pia, kama anavyopenda kukumbusha kila bibi wa huku, maana kwa Mhaya Novemba bila senene ni msiba juu ya msiba.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwalimu alitangaza vita akisema sababu, nia na uwezo tunavyo. Masaka ikaanguka Februari 1979, Kampala ikaanguka Aprili 11, na mwanzoni mwa Juni majeshi yetu yalikuwa yamefika mpaka wa Uganda na Sudan. Kutoka hapo mpaka Ndola ni wiki kumi na mbili hivi. Maelfu ya askari wa JWTZ walikuwa bado Uganda siku mpira ule unapigwa. Kiwanda cha sukari Kagera kilikuwa kimeporwa, ng'ombe wa Missenyi walikuwa wameswagwa kuvuka mpaka, na serikali ilikuwa imewaambia wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Hata jina la Kagera kama mkoa lilikuwa bichi kabisa. Kabla ya vita tuliitwa Ziwa Magharibi.

Sasa kuna jambo ambalo wanaohadithia Ndola wakiwa Dar es Salaam hulisahau, na sisi wa huku hatuwezi kulisahau. Kabla ya vita, timu ya kuogopwa katika ukanda huu ilikuwa Uganda. Ilichukua Kombe la Chalenji 1976 na 1977. Machi 1978, kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika kule Ghana, Waganda waliipiga Morocco 3-0, wakaitoa Nigeria 2-1 kwenye nusu fainali, na wakafika fainali yenyewe walikofungwa na wenyeji 2-0. Phillip Omondi alimaliza akiwa miongoni mwa wafungaji bora watatu. Ukiwa Bukoba, Kampala iko karibu mno kuliko Dar es Salaam. Ndugu wako kule, biashara iko kule. Hivyo wapo watu wa mtaa huu walioshangilia mabao ya Waganda mwezi Machi, na ilipofika Novemba wakawa wanakimbia askari wa nchi hiyo hiyo. Hilo sijaliona kwenye kitabu chochote cha mpira. Miezi minane tu!

Lakini mpinzani wa Agosti 1979 hakuwa Mganda. Alikuwa Zambia, rafiki wa damu. Reli ya TAZARA ilikuwa imekabidhiwa 1976, na bomba la mafuta la TAZAMA lilikuwa likisukuma mafuta tangu 1968 kutoka Dar es Salaam hadi wapi? Ndola! Yaani vijana wetu walikwenda kucheza kwenye mji unaowashiwa taa na mafuta yanayopita chini ya ardhi yetu. Zambia nayo ilikuwa na vita yake: majeshi ya Rhodesia yalikuwa yakiishambulia ndani ya mipaka kwa sababu ya kuwahifadhi wapigania uhuru, na Oktoba mwaka huo huo yalilipua madaraja ya TAZARA. Kwa hiyo usifikirie kwamba mmoja alitoka vitani na mwingine alitoka kustarehe.

Kwenye soka, hata hivyo, ukubwa wao haukuwa na ubishi. Timu yao iliitwa KK Eleven, kwa heshima ya Rais Kenneth Kaunda. Mwaka 1974 walifika fainali ya Afrika kule Cairo, wakatoka 2-2 na Zaire, mechi ikarudiwa siku mbili baadaye na wakafungwa 2-0. Zaire hiyo ndiyo iliyokwenda Kombe la Dunia mwaka ule. Zambia ilikuwepo tena kwenye fainali za 1978, na 1982 ikawa ya tatu Afrika. Sisi tulikuwa na nini? Kombe la Chalenji la 1974, na hamu. Fainali za Afrika tulikuwa hatujawahi hata kuzinusa.

Na kuzifikia siku hizo hakukuwa kama leo. Fainali zilikuwa na timu nane tu. Mwenyeji Nigeria na bingwa mtetezi Ghana walikuwa wameshakaa kwenye viti vyao. Bara zima likabaki linagombea viti sita, kwa mtindo wa mtoano wa nyumbani na ugenini. Hakuna kundi, hakuna kusema tutajirekebisha mchezo wa tano. Ukiteleza umekwenda.

Mchezo wa kwanza ulipigwa Dar es Salaam mapema mwezi huo wa Agosti, na tukashinda 1-0. Bao moja! Kila mwenye akili alijua bao moja nyumbani dhidi ya Zambia ni kama mwavuli wa karatasi. Nje ya Tanzania, na nadhani hata ndani kwa kunong'ona, hesabu ilikuwa kwamba kazi itamalizikia Ndola.

Uwanja wa Ndola uliitwa Dag Hammarskjöld, kwa jina la Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyekufa kwenye ajali ya ndege karibu na mji huo Septemba 1961. (Uwanja wenyewe haupo tena, ulishavunjwa.) Ni ukanda wa shaba, moyo wa mpira wa Zambia, mahali ambapo kila mgodi ulikuwa na timu. Wenyeji walitangulia kupata bao. Hapo matokeo ya jumla yakawa 1-1, na ukiwa ugenini, watu wote wanapiga kelele, pumzi zimekwisha, unajua wazi nani atafurahia muda ukiongezwa. Wakati ukaenda. Ikafika dakika za lala salama. Ndipo Peter Tino akasawazisha.

Sare ya 1-1. Jumla 2-1. Tumepita.

Nataka nikae hapa kidogo, maana ndipo utamu ulipo. Bao lile halikutupa ushindi siku ile. Liliufuta ushindi wa mwenzetu. Zambia haikufungwa nyumbani kwake Ndola. Walicheza kwao, wakatangulia, hawakupoteza mchezo, na bado walilala wakiwa nje ya fainali. Ndiyo ukatili wa mtoano: mkubwa anaweza kuanguka bila hata kupigwa. Na mdogo hahitaji kuwa bora kwa dakika 180. Anahitaji kutokufa mapema, halafu awepo mtu mmoja mwenye akili tulivu pale mpira unapodondoka. Wanaosema ilikuwa bahati wanasahau mchezo wa Dar es Salaam. Bila ule wa kwanza, bao la Tino lingekuwa la kufutia machozi.

Wapo pia wanaosema vita ndiyo iliyoshinda Ndola, kwamba wachezaji walibeba ari ya Kagera uwanjani. Ni maneno mazuri kwenye mkutano. Mimi siyaamini sana. Timu ile ilikuwa na kocha Mpolandi, Slawomir Wolk, akisaidiwa na wazalendo Joel Bendera na Ray Gama. Ilikuwa na kizazi ambacho ukiwatajia watu wazima majina yake wanafumba macho: Juma Pondamali na Athumani Mambosasa golini, Leodegar Tenga na Jella Mtagwa katikati ya ulinzi, Mohamed Kajole pembeni, Juma Mkambi, Thuweni Ally. Tenga huyu ndiye aliyekuja kuwa rais wa TFF kuanzia 2004 hadi 2013. Hao walijua mpira, tuwape haki yao. Tukisema vita ndiyo iliyofunga, tunamnyang'anya Tino bao lake, na mashujaa waliolala Kaboya kule Muleba tunawageuza kuwa washangiliaji. Hawakufa kwa ajili ya mpira.

Ninachokubali ni kitu kidogo zaidi. Bara hapakuwa na televisheni. Hiyo ilikuja miaka ya 1990, wenzetu Zanzibar walitutangulia. Mpira wa ugenini ulikuwa unaingia kwa sikio, kwa Radio Tanzania. Mzee mmoja wa mtaa wetu aliniambia kwamba kwa miezi mingi kabla ya hapo, redio ilipowashwa kwao watoto waliambiwa wanyamaze kwa sababu watu wazima walitaka kujua vita imefika wapi. Kusogelea redio ile ile, betri zile zile zilizoanikwa juani, kwa ajili ya jambo ambalo mwisho wake haufi mtu, kwake yeye ndiyo ilikuwa dalili kwamba vita imekwisha. Alisema hivyo na akabadilisha mazungumzo.

Lagos yenyewe, Machi 1980, nitaipitia haraka. Tulifungua na wenyeji Nigeria tukafungwa 3-1, bao letu likifungwa na Juma Mkambi, la kwanza kabisa la Tanzania kwenye fainali hizo. Misri wakatufunga 2-1, na na Ivory Coast tukatoka 1-1. Thuweni Ally ndiye aliyefunga yote mawili. Pointi moja, tukarudi nyumbani. Nigeria wakachukua kombe kwa kuipiga Algeria 3-0. Hatukuaibika hata kidogo.

Halafu ukaja ukame. Miaka 39! Mzee Mwinyi akiwa Rais alitufananisha na kichwa cha mwendawazimu ambacho kila kinyozi anajifunzia kunyoa, na jina likatuganda. Mlango ulipofunguka tena, Machi 24, 2019, aliyekuwa mlangoni alikuwa Uganda. Simon Msuva, Erasto Nyoni kwa penalti, Aggrey Morris, tatu bila. Safari hii Mganda alikuwa ameshafuzu na hakuwa na cha kupoteza, lakini jaribu kumweleza hivyo mtu wa Bukoba aliyekimbia na godoro.

Na Zambia naye alikuja kudai. Januari 21, 2024, San Pedro, Ivory Coast. Msuva akatufungia dakika ya 11, Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko, tukaanza kuhesabu ushindi wetu wa kwanza kabisa kwenye fainali. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha. 1-1. Matokeo yale yale ya Ndola, bao la jioni lile lile, safari hii upande wa pili wa meza. Wazee walikuwa wakicheka huku wameshika vichwa.

Kajole, Mambosasa, Mkambi, Bendera, wote wametangulia mbele ya haki. Kuna watu mtaani kwetu wanaokumbuka Jumapili ile na hawajawahi kuulizwa na mwandishi yeyote. Nimeanza kupita nyumba kwa nyumba hapa Hamugembe, nitavuka Kashai, kisha Kyaka na Muleba. Kama una mzee nyumbani, muulize Agosti 26, 1979 alikuwa wapi, alikuwa amesharudi kwenye nyumba yake au bado anaishi kwa watu, na redio ilikuwa ya nani. Andika anavyosema, usimsahihishe. Na mwenye gazeti la Jumatatu ile, hata kama panya wamelianza pembeni, tafadhali asilifungie sabuni.