Caraquet: Mji wa Watu Waliorudi



Wapendwa wasomaji wetu, kila tarehe 15 Agosti sisi Wakatoliki huadhimisha Sherehe ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Juma hili tungependa tusafiri pamoja kwa fikra hadi kwa watu wanaoiadhimisha siku hiyo kama sikukuu ya taifa lao, ingawa taifa hilo halina nchi wala mipaka. Hao ni Waakadia wa Kanada, na mji tutakaoutembelea ni Caraquet, mji mdogo wa wavuvi ulio kaskazini-mashariki mwa jimbo la New Brunswick, kando ya Ghuba ya Chaleur.

Ili tuuelewe mji huo, hatuna budi kuanzia mbali kidogo. Mnamo mwaka 1604 na 1605 Wafaransa walianza kuweka makazi katika pwani waliyoiita Akadia, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Nova Scotia. Wakulima wao walijenga matuta ya kuzuia maji ya bahari, wakageuza mabwawa ya chumvi kuwa mashamba yenye rutuba. Mwaka 1713, kwa Mkataba wa Utrecht, Ufaransa iliikabidhi Akadia kwa Uingereza. Waakadia wakajikuta raia wa mfalme mgeni, wasiosema lugha yake wala kushiriki dini yake. Walikuwa tayari kuishi kwa amani, lakini walisita kula kiapo ambacho kingeweza kuwalazimisha kupigana na Wafaransa wenzao. Kwa miaka mingi jambo hilo lilivumiliwa. Vita vilipokaribia, halikuvumiliwa tena.

Tarehe 5 Septemba 1755, wanaume na wavulana 418 wa Grand-Pré waliitwa kanisani. Ndiyo, wapendwa, ndani ya kanisa lao wenyewe la Mtakatifu Karoli, mahali walipobatizwa na kufunga ndoa. Milango ikafungwa, na Kanali John Winslow akawasomea amri: ardhi na mifugo yao ni mali ya mfalme, nao wenyewe watasafirishwa pamoja na jamaa zao. Nyumba ya sala ikageuzwa gereza. Katika miaka iliyofuata, hadi mwaka 1763, watu zaidi ya elfu kumi waliondolewa katika nchi yao. Wengine walipelekwa katika makoloni ya Kiingereza kutoka Massachusetts hadi Georgia, wengine Uingereza na Ufaransa. Wengi walikufa kwa maradhi na kwa kuzama baharini, na wako ndugu waliotenganishwa wasionane tena.

Wako pia waliokimbilia misituni, wakisaidiwa na wenyeji wa asili wa kabila la Mi'kmaq. Miongoni mwa wakimbizi hao alikuwamo Alexis Landry, ambaye mwaka 1757 alifika na jamaa yake katika pwani ya Caraquet. Hata huko hawakuachwa. Mwaka 1761 askari wa Uingereza waliyavamia makazi hayo, na wakaaji wakatawanyika tena. Lakini vita vilipokwisha, Landry alirudi. Wengine wakarudi pia, na mwaka 1784 familia 34 zilipewa rasmi hati ya ardhi ya Caraquet. Mashamba yao ya zamani yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na walowezi wengine, basi wakulima hawa wakalazimika kujifunza uvuvi. Waliishi kwa taabu, mara nyingi wakiwa na madeni kwa wafanyabiashara walionunua samaki wao na kuwauzia vyakula na nyavu.

Mgeni anayefika Caraquet leo anaweza kuyaona mambo hayo kwa macho yake. Katika mahali paitwapo Sainte-Anne-du-Bocage, penye miti na utulivu, kipo kikanisa kidogo cha mbao kilichowekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Anna, mama yake Bikira Maria. Ipo na chemchemi, na karibu yake amezikwa Alexis Landry. Mahujaji hufika hapo hasa tarehe 26 Julai. Kanisa la parokia, lililojengwa kwa mawe katika karne ya 19, limepewa jina la Mtakatifu Petro katika Minyororo. Jina hilo lawafaa sana watu ambao mababu zao walifungwa kanisani. Kilomita chache nje ya mji kipo Kijiji cha Kihistoria cha Akadia, kilichofunguliwa mwaka 1977, ambamo nyumba za kale zaidi ya arobaini zimekusanywa, na watu waliovaa mavazi ya zamani huoka mikate na kusokota sufu mbele ya wageni. Bandarini mgeni ataona mashua za wavuvi wa kaa na kamba, na mezani atapewa chaza, ambao umelipatia jina la Caraquet sifa mbali.

Lakini tusiupambe mji huu kupita kiasi. Mwaka 1871 serikali ya New Brunswick ilipitisha sheria iliyozinyima shule za dini fedha za umma, na Wakatoliki wakadaiwa kodi kwa ajili ya shule ambazo dhamiri zao hazikuzikubali. Ubishi ukawaka Caraquet. Tarehe 27 Januari 1875 askari waliwafuata vijana waliojificha katika dari ya nyumba moja, risasi zikapigwa, wakafa wawili: Louis Mailloux, Mwakadia wa miaka 19, na John Gifford, askari wa kujitolea. Mama wawili walilia. Mwaka huohuo mapatano yalifikiwa, mafundisho ya dini yakapewa nafasi baada ya saa za masomo. Ni vigumu kusoma habari hiyo bila kujiuliza kwa nini mapatano hayakutangulia risasi.

Baada ya hapo Waakadia walishika njia nyingine. Mwaka 1881 walikutana Memramcook kuchagua sikukuu yao. Wengine walitaka siku ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, pamoja na ndugu zao wa Quebec, lakini Padre Marcel-François Richard na wenzake walitetea tarehe 15 Agosti, na hoja yao ikashinda. Mwaka 1884, huko Miscouche, walichagua bendera ya rangi tatu za Ufaransa yenye nyota ya dhahabu, ishara ya Maria Nyota ya Bahari, na utenzi wa Ave Maris Stella ukawa wimbo wao wa taifa.

Mwaka 1955, katika kuadhimisha miaka 200 ya uhamisho, Askofu Mkuu Norbert Robichaud wa Moncton aliwataka waamini wapige magoti na kusali kengele za makanisa zitakapolia, kisha wafanye shangwe kwa chochote chenye sauti. Desturi hiyo ilifufuliwa Caraquet mwaka 1979. Sasa kila tarehe 15 Agosti, saa 11:55 jioni, ambayo kwa saa ya Kifaransa huandikwa 17:55 kuukumbuka mwaka 1755, maelfu ya watu huingia barabarani na sufuria, filimbi na kengele. Katika kanisa la Grand-Pré walinyamazishwa. Huku wanatangaza kwa kishindo kwamba wangali hai.

Mwaka 2003 hati ya kifalme ilikiri rasmi madhara yale, ikaweka tarehe 28 Julai kuwa siku ya kuyakumbuka. Haikurudisha shamba hata moja. Ilisema tu kwamba jambo lile lilitendeka.

Wapendwa, nasi tunazo nyumba, jamaa na jumuiya zenye dhuluma zisizosemwa. Kuna anayedhani kusamehe ni kusahau, na mwingine anayekumbuka ili alipize. Waakadia wa Caraquet wanatuonyesha njia ya tatu: kulitaja jeraha kwa mwaka wake, kupiga magoti kwanza, kisha kutoka nje na kushangilia pamoja na majirani. Maria, Nyota ya Bahari, atuombee.