Farasi, na Macho ya Ukoo

Hapa Msalato farasi ni mnyama wa vitabuni. Wa kwetu ni punda. Mwaka 1871 Stanley alitoka Bagamoyo na farasi wawili, mmoja zawadi ya Sultani Barghash, na wote wakafa kabla ya kufika Ugogo. Hata hivyo, nilipokuwa mkufunzi wa biolojia chuoni, farasi ndiye niliyemtumia kufundishia urithi.

Uingereza, kwa sheria ya ufugaji wa farasi ya mwaka 1918, dume lenye mtoto wa jicho lilinyimwa leseni ya kupandisha, lisije likarithisha kasoro hiyo. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," niliwaambia wanachuo, nikafunga somo.

Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanachuo mmoja wa kutoka Kongwa alinifuata ofisini. "Mwalimu," akasema, "bibi yangu ni kipofu, na mama naye ameanza kupoteza nuru. Je, na mimi?" Nikamjibu kwamba yaelekea ni urithi wa ukoo. Alinishukuru kwa adabu, akaondoka. Baadaye nilisikia kwamba amemkataa mchumba, asije akazaa vipofu.

Miaka ikapita. Nilipokwenda Kongwa kusimamia mazoezi ya kufundisha, nilimkuta mganga akiwageuza watoto kope na kuzichungulia. Ndipo nilipofahamishwa habari za vikope, yaani trakoma. Ni ugonjwa wa kijidudu, ambacho wataalamu wa China walitangaza mwaka 1957 kuwa wamekiotesha maabarani. Huenezwa kwa mikono, nguo na nzi, hasa penye uhaba wa maji. Mtu akiambukizwa mara nyingi tangu utotoni, kope zake hupata makovu, hugeukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho hadi kiwe cheupe. Wanawake huumia zaidi, maana wao ndio wanaoshinda na watoto. Kwa hiyo ugonjwa hushuka kutoka kwa bibi hadi kwa mama, na kwa mama hadi kwa binti, ukadhaniwa kuwa urithi. Utafiti wa Kongwa uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto waliodumu na nyuso safi hawakupatwa sana na trakoma kali.

Hata kwa farasi mambo si mepesi kama nilivyofundisha. Mwaka 2013 wataalamu walitambua badiliko la jeni linalowanyima baadhi ya farasi wenye madoadoa, Appaloosa, kuona usiku tangu kuzaliwa. Huo ni urithi hasa. Lakini farasi hao hao huugua pia uvimbe wa macho unaorudi-rudi, na humo jeni na vijidudu huweza kushirikiana.

Yule binti sikumpata tena nimwombe radhi. Alikuja kwangu na swali la mgonjwa, nami nikampa jibu la mtihani. Ningalimpeleka kwa mganga wa macho, pengine angalipona hofu ile, na mama yake angaliokoa nuru iliyobaki.