Kizazi Kikifungwa, Kinafungwa Nini?

Tukisema "fulani hana kizazi", tunamaanisha hapati watoto. Tukisema "kizazi cha leo", tunawataja watu wa rika moja. Tukisema "ametolewa kizazi", hapo tunazungumzia kiungo cha mwili, nyama na misuli, kilichokatwa na daktari chumba cha upasuaji. Neno ni lile lile, na mzizi wake ni zaa, kama mzazi, uzazi na zalio. Barazani halimsumbui mtu, maana anayesikiliza huichambua maana mwenyewe. Mbele ya daktari, mtu anapotakiwa kutia sahihi, linaweza kumpoteza.

Mama mmoja huku Mkomani, Mombasa, mwenye watoto wa kumtosha, alishauriwa "kufunga kizazi". Akamgeukia muuguzi: "Sasa mwanangu, kikishafungwa, hiyo damu ya mwezi itapita wapi?" Ni swali la mtu mwenye akili timamu. Ikiwa kizazi ndicho kinachotoa hedhi, na chenyewe kimetiwa kufuli, damu si itajaa ndani imuue? Istilahi ndiyo iliyompeleka huko.

Kiungo anachokifikiria, wataalamu hukiita uterasi. Watu wa pwani wana jina lao la siku nyingi: mji wa mimba, au mji tu. Mji pia ni ile sehemu ya katikati ya kanga, iliyozungukwa na pindo. Napenda jina hili kwa sababu linafanana na kitu chenyewe: mahali pa kukaliwa, penye mpaka pande zote. Mji wa mimba umekaa nyuma ya kibofu cha mkojo na mbele ya utumbo wa mwisho. Kwa mwanamke asiye na mimba una urefu wa sentimita saba au nane hivi, mpana juu, mwembamba chini. Ukuta wake mnene ni wa misuli, na ndani yake mna utando laini, endometriamu, ambao kila mwezi hunenepa ukingojea mimba. Mimba isipotunga, utando huo hubomoka ukatoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi.

Yai halitoki katika mji. Linatoka katika ovari, mbili, moja kila upande, ambazo pia hutengeneza homoni za estrojeni na projesteroni. Likipevuka huingia katika mrija wa uzazi, wenye urefu wa sentimita kumi hivi, na humo ndimo linamokutana na mbegu ya mwanamume. Lina muda mfupi, kama siku moja. Mbegu zaweza kukaa hai siku tano zikilingojea. Yai lililorutubishwa husafiri siku kadhaa kabla ya kufika katika mji na kujishikiza ukutani.

Basi daktari anapomfunga mwanamke hufunga au hukata mirija hiyo miwili. Yai na mbegu havikutani tena. Mji haukuguswa, ovari hazikuguswa, na hedhi inakuja kwa njia yake ile ile. Lau mama yule angeambiwa "tutafunga mirija", hofu isingepata pa kuingilia. Naona "kufunga kizazi" ni msemo unaofaa kuachwa katika fomu za hospitali, hata kama mitaani utaendelea kusemwa.

Kwa wanaume mambo ni mazito zaidi. Mwambie mume "ukafungwe kizazi" naye asikia kuhasiwa. Kuhasi ni kuziondoa au kuziharibu korodani, na korodani ndizo zinazotengeneza mbegu na homoni ya testosteroni, inayompa mwanamume sauti nzito, ndevu na hamu. Lakini mwanamume anapofungwa, kinachokatwa ni mirija miwili myembamba inayopandisha mbegu kutoka korodani. Homoni haipiti humo, hupita katika damu. Hata manii hayapungui kwa kuonekana, maana sehemu kubwa ya majimaji yake hutoka katika vifuko vya manii na tezi dume, juu ya pale palipokatwa. Ila mbegu zilizokwisha kuvuka huchukua miezi mitatu hivi kumalizika, kwa hiyo mtu apimwe manii kabla ya kuacha kinga nyingine. Nani atayasikiliza yote haya ikiwa neno la kwanza tu limemkimbiza?

Lugha hii ya uzazi ina historia hapa hapa. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alimpoteza mkewe Rosine Julai ya mwaka huo huo, kwa homa, siku chache tu baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata. Kaburi lao liko Mkomani, ng'ambo ya kisiwa. Krapf alibaki akikusanya maneno ya Kiswahili, na kamusi yake, iliyoegemea sana Kimvita, ikachapishwa London mwaka 1882, naye ameshafariki. Wakunga wa Mombasa walikuwa na msamiati wao kabla ya mmisionari yeyote kushika kalamu, na wengi wa wazee wetu bado wanao. Hao ndio wa kuulizwa kwanza tunapotafuta istilahi.

Hapo nije kwenye neno linalonitia wasiwasi zaidi: mlango wa kizazi, au shingo ya kizazi kama wengine wasemavyo. Ni seviksi, ile sehemu nyembamba ya chini ya mji inayochungulia ukeni. Saratani yake husababishwa, karibu mara zote, na virusi vya HPV. Oktoba 2019 Kenya ilizindua chanjo yake kwa wasichana wa miaka kumi, na uzinduzi wenyewe ulifanyika Mombasa, katika Shule ya Msingi ya Ziwani. Mitaani ikapata jina fupi, "chanjo ya kizazi", na uvumi ukaenea kwamba inawafanya wasichana wasizae. Sisemi jina ndilo lililouzaa uvumi, maana hofu kama hiyo imeziandama chanjo nyingi. Lakini masikio yaliyokwisha kuzoea "kufunga kizazi" hayakuhitaji kushawishiwa sana. Ningeiita chanjo ya HPV, au chanjo ya saratani ya shingo ya mji. Shingo naipendelea kuliko mlango, kwa kuwa mlango hufungwa.

Na kwa wanawake wazima ambao chanjo iliwapita, kuna kipimo cha siki. Muuguzi huitazama shingo ya mji kwa kifaa cha kupanulia uke, huipaka asidi ya asetiki iliyozimuliwa, akangoja dakika moja. Penye seli zilizoanza kubadilika hugeuka peupe, na mara nyingi pakaweza kutibiwa siku hiyo hiyo, kwa kugandishwa au kuchomwa, mji ukabaki mzima na uwezo wa kuzaa ukabaki pale pale.