Askari Wadogo, kutoka Asyut hadi Keya

Mwaka 1894, huko Asyut nchini Misri, kaburi la liwali wa kale aitwaye Mesehti lilitoa vikosi viwili vya askari wa mbao: Wamisri 40 wenye mikuki na ngao, na Wanubi 40 wenye pinde na mishale. Umri wao ni takriban miaka 4,000, na wamehifadhiwa Cairo. Ukiwatupia jicho tu unaona gwaride. Ukiwakagua, hakuna wawili walio sawa. Huyu mrefu, yule mfupi, na kila ngao ina mabaka yake, kwa kuwa ngao zilivikwa ngozi ya ng'ombe na mchoraji hakutaka kumrudia ng'ombe mmoja mara 40.

Wakusanyaji wengi wa askari wadogo huko Ulaya huanza hadithi yao mbele zaidi, mjini Nuremberg, Ujerumani. Huko, katika karne ya 18, fundi Johann Gottfried Hilpert alimimina bati katika kalibu za mawe akatoa askari bapa. Mwaka 1839 Ernst Heinrichsen akafungua karakana yake, na kimo alichokishika, milimita 30 hivi, kikafuatwa na wengine, hata jeshi la mtoto mmoja likaweza kupambana na la jirani yake. Rangi zilipakwa majumbani na wanawake na watoto kwa ujira mdogo.

Lakini aliyenivutia kuliko wote ni Luteni William Siborne. Mwaka 1830 aliagizwa na wakubwa wake katika jeshi la Uingereza atengeneze mfano wa uwanja wa vita vya Waterloo. Akaenda kukaa kwenye shamba la La Haye Sainte, pale pale palipopiganwa, akaipima ardhi kwa miezi. Kisha akawaandikia maofisa waliosalia mamia ya barua. Kikosi chako kilisimama wapi saa moja jioni? Adui alikuwa wapi? Shambani kulikuwa na zao gani? Serikali ilipokatiza fedha, aliendelea kwa za kwake. Mfano ulionyeshwa London mwaka 1838, ukiwa na askari wa bati zaidi ya 70,000.

Majibu ya barua yakamponza. Yaliweka uwanjani Waprusi, washirika wa Waingereza, wengi kuliko Mwingereza alivyopenda kuwaona, hususan Wellington mwenyewe, jemadari wa Waingereza pale Waterloo, na mwishowe Siborne akakubali kuwapunguza. Hadi leo mfano huo uko London, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Jeshi. Kwangu huo ni ushahidi kwamba vijitu hivi si vya kuchezea tu. Mtawala hagombani na mwanasesere.

Mwaka 1893, kampuni ya William Britain ya London ikageuza biashara yote. Risasi iliyoyeyushwa ilimiminwa katika kalibu, ikaachwa igande pembeni, kisha ile ya katikati ikamwagwa. Askari alitoka mtupu ndani, mwepesi, wa bei nafuu. Kati ya maboksi yake mengi, namba 225 lilikuwa la King's African Rifles, jeshi ambalo huku kwetu tuliliita Keya. Askari wake walitoka kalibu moja, uso mmoja, mwendo mmoja. Fundi wa Mesehti aliwatendea haki zaidi wale Wanubi.

Leo mpakaji rangi anaweza kuirekebisha kasoro hiyo. Huiosha sanamu kwa sabuni, huisugua mishono ya kalibu, huipaka rangi ya msingi, kisha huweka kivuli kwa brashi ndani ya mikunjo ya nguo, kwa sababu mtu wa milimita 54 ni mdogo mno kujitengenezea kivuli cha kutosha. Hayo hufundishika. Kinachomkwamisha ni swali la Siborne: ilikuwaje hasa? Picha za Keya waliopigana Burma mwaka 1944, wale wa Divisheni ya 11 yenye nembo ya kichwa cha kifaru, nyingi ni nyeusi na nyeupe. Hazisemi kaki ilikuwa imepauka kiasi gani, wala kamba ya kiatu ilikuwa ya rangi gani.

Kama nyumbani kwenu kuna picha ya babu aliyekuwa Keya, mkanda wake, kitufe au kofia, muulize anayekumbuka rangi zake, uziandike nyuma ya picha, pamoja na jina la babu na kikosi chake. Fanya hivyo mwaka huu.